Feraiti, neodimiamu, alniko au samariamu-kobalti: sumaku ipi itahimili joto la kazi yako hapa Dodoma?

Sumaku huuzwa kwa nguvu yake ya kuvuta. Muuzaji anaibandika kwenye bati, anakwambia uibandue, ukishindwa mnaanza kuzungumza bei. Pale dukani halijulikani jambo moja: sumaku hiyo itakaa wapi, na huko pana joto kiasi gani. Sumaku iliyokushinda kuibandua asubuhi kivulini inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo ndani ya msimu mmoja tu, ikiwa imefungiwa kwenye mota iliyozidiwa mzigo, ndani ya sanduku la chuma, juani, pale Bahi au Chamwino. Na ile iliyokuwa jirani yake rafuni, nyeusi, nzito, isiyovutia macho, ikaendelea kuvuta vilevile kwa miaka na miaka.

Ulinganisho huu nawaandikia mafundi, wenye mashine za kusaga, wenye visima vya sola na walimu wa fizikia wa kanda yetu hii ya kati. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na joto la mahali sumaku itakapokaa, nguvu ifuate baadaye. Na usiulize tu itapungua kiasi gani ikipata moto, maana zote hupungua. Uliza kama ikipoa itarudi.

Joto hufanya nini ndani ya sumaku

Ndani ya chuma, kila atomu ni sumaku ndogo sana. Katika sumaku ya kudumu atomu hizo zimeelekezwa upande mmoja, kundi kwa kundi, zikabaki hivyo. Joto nalo ni mtikisiko wa atomu. Litazame kundi la ng'ombe linalopelekwa birikani asubuhi: wote wanatazama mbele. Jua likipanda wanaanza kugeuza vichwa huku na huku, ila safari inaendelea, na wingu likipita vichwa vinarudi. Jua likizidi, baadhi wanageuka kabisa na kufuata kivuli. Jioni ikiingia hawajirudishi mstarini wenyewe mpaka mchungaji awakusanye. Likiwa kali kupita kiasi, kundi zima linatawanyika.

Ndivyo ilivyo kwa sumaku. Kuna upungufu wa kwanza unaorudi wenyewe: sumaku ikipoa, nguvu iko palepale. Kuna upungufu wa pili usiorudi kwa kupoa, kwa sababu baadhi ya makundi ya atomu yamegeukia upande mwingine. Malighafi ni nzima, lakini mpaka iingizwe tena kwenye mashine ya kiwandani inayopitisha mkondo mkubwa wa umeme kwenye koili ndipo nguvu irejee. Hapa kwetu mashine hiyo si ya kuikuta mtaani, kwa hiyo kwa fundi wa kawaida upungufu wa pili ni hasara iliyokwisha kuingia. Na kuna uharibifu wa tatu, pale joto au kutu inapobadilisha malighafi yenyewe. Huo hata kiwanda hakiurudishi.

Kila malighafi ina nyuzi joto ambayo ikiifikia, mpangilio wote wa atomu unavunjika. Inaitwa nyuzi ya Curie, kwa jina la Pierre Curie, Mfaransa aliyetoa utafiti wake juu ya usumaku na joto mwaka 1895. Kwa chuma ni nyuzi 770 za Selsiasi. Kwa nikeli ni karibu 358, kwa kobalti karibu 1,120. Gadolini, metali adimu, yake ni kama nyuzi 20 tu, na hilo humpa mwalimu wa Dodoma mfano mzuri sana: usiku wa Julai, hewa ikishuka chini ya nyuzi 15, kipande cha gadolini kingevutwa na sumaku kwa nguvu, mchana wa siku hiyohiyo, hewa ikifika 27, mvuto ungekuwa umedhoofu mno.

Wafua vyuma huitumia sheria hii wanapotaka chuma cha pua kiwe kigumu. Wanakipasha mpaka kiwe chekundu, wanakigusa kwa sumaku. Isiposhika, wanajua kimevuka nyuzi 770, wanakipasha kidogo tena kisha wanakitumbukiza kwenye mafuta au maji. Jiko la umeme la kupikia wali nalo, aina zile za kawaida zenye kitufe kimoja, lina kipande cha feraiti kilichotengenezwa makusudi ili nyuzi yake ya Curie izidi 100 kidogo. Maji yakiisha sufuriani joto linapanda, kipande kinaacha kushikana na sumaku, springi inafyatuka na moto unazimika.

Kwa mnunuzi, hata hivyo, nyuzi ya Curie inaweza kupotosha. Ya neodimiamu ni karibu 310, na mtu akisikia hivyo atasema hata jua la Kongwa likiwake vipi halitafika huko. Ni kweli halitafika. Lakini sumaku ya neodimiamu ya daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu isiyorudi kuanzia kama nyuzi 80. Kinachomhusu mnunuzi ni kikomo hicho cha kazi, ambacho kipo chini sana ya nyuzi ya Curie.

| Aina | Mvuto unaobaki kwa 80°C (ukilinganisha na 20°C) | Kikomo cha kazi | Nyuzi ya Curie | Bei |
|---|---|---|---|---|
| Feraiti | kama 77% | kama 250°C | kama 450°C | chini kabisa |
| Neodimiamu | kama 86%, ikiwa haijavuka kikomo | 80°C hadi 200°C kutegemea daraja | kama 310°C | ya kati |
| Alniko | kama 98% | kama 500°C | zaidi ya 800°C | juu |
| Samariamu-kobalti | kama 95% | 250°C hadi 350°C | zaidi ya 700°C | juu kabisa |

Safu ya pili nimeihesabu kwa upungufu unaorudi peke yake. Uga, yaani nguvu ya usumaku inayoizunguka sumaku, wa feraiti hushuka kwa asilimia 0.2 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, wa neodimiamu 0.12, wa samariamu-kobalti 0.04, wa alniko 0.02. Nguvu ya kuvuta chuma hufuata uga uliozidishwa kwa wenyewe, ndiyo maana asilimia 12 ya uga inayopotea kwenye feraiti inakuwa asilimia 23 ya mvuto.

Feraiti na neodimiamu: hapa ndipo wengi wetu tunapochagua

Ukiisoma jedwali haraka utasema feraiti ndiyo dhaifu kwa joto, maana inapoteza karibu robo ya mvuto kwa nyuzi 80 wakati neodimiamu inapoteza sehemu moja ya saba. Kwa saa ile ya joto, ni kweli. Lakini feraiti ikipoa inarudi yote. Ina tabia ambayo naipenda: inavyopata joto ndivyo inavyokuwa ngumu zaidi kugeuzwa, kwa hiyo ukiwa nyuzi 100 au 150 haina hatari ya upungufu wa pili. Hatari yake iko kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, na huku kwetu hiyo haipo, labda uiweke kwenye friza la nyama.

Neodimiamu iko kinyume. Uga wake unashuka polepole, ila ukinzani wake wa kugeuzwa unaporomoka kwa zaidi ya nusu asilimia kwa kila nyuzi moja. Ukitoka nyuzi 20 kwenda 80, zaidi ya theluthi ya ukinzani huo imeondoka. Sumaku ikisukumwa wakati huo na uga mwingine, kama ule wa koili za mota iliyozidiwa mzigo, sehemu yake inageuka na haitarudi.

Kwa nini basi watu wanaitaka? Kwa sababu kwa ujazo uleule inabeba nishati ya sumaku karibu mara kumi ya feraiti. Tangu ilipogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Masato Sagawa kule Japani na John Croat kule Marekani kila mmoja kwa njia yake, mota zimekuwa ndogo na nyepesi kuliko zamani. Pampu ya sola ya kisimani, mota iliyo ndani ya gurudumu la pikipiki ya umeme, spika ndogo ya simu, vyote vimepata umbo lake kutokana na sumaku hii. Tanzania yenyewe ina akiba ya madini yake kule Ngualla, mkoani Songwe.

Sumaku za neodimiamu hazifanani kwa joto, na mteja akilijua hili tu ataokoa fedha nyingi. Daraja huandikwa kwa herufi N na namba, mfano N42. Namba ni nguvu. Herufi zinazofuata namba ndizo joto: isipokuwa na herufi, kikomo chake ni nyuzi 80, M ni 100, H ni 120, SH ni 150, UH ni 180, EH ni 200. Kwa hiyo N52 inayosifiwa kuwa kali kuliko zote ni mbaya kwa mahali pa moto kuliko N38SH, ingawa dukani N52 ndiyo itakayokubana vidole. Viwanda hupandisha kikomo hicho kwa kuongeza metali kama disprosiamu na terbiamu, ambazo ni adimu na ghali, na kupandisha kikomo kwa njia hiyo kunakula kidogo nguvu ya kuvuta. Ukipewa sumaku ya bei nafuu isiyo na maandishi, ihesabu kuwa ya nyuzi 80.

Umbo nalo lina neno. Sahani nyembamba ya neodimiamu inajigeuza yenyewe mapema kuliko mche mnene wa daraja lilelile, kwa kuwa ncha zake mbili ziko karibu na uga wake unarudi kuipinga. Sahani nyembamba ya nyuzi 80 inaweza kuanza kupoteza hata kabla ya 80. Ikiwa imebandikwa kwenye bamba la chuma inakuwa salama zaidi, maana chuma kinaupa uga njia ya kupita.

Kutu pia. Neodimiamu ina chuma kingi ndani na hula kutu haraka ngozi yake ya nikeli ikichubuka. Feraiti imetengenezwa kwa oksaidi ya chuma iliyochomwa tanuruni. Haina cha kutia kutu tena. Kwenye maji ya chumvichumvi ya visima vingi vya kanda hii, tofauti hiyo si ndogo.

Alniko na samariamu-kobalti

Hizi nitazipitia kwa ufupi kwa kuwa wachache watazinunua mpya. Alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma ulioanzia kwa Tokushichi Mishima wa Japani mwaka 1931, haitishwi na joto kabisa. Kati ya baridi ya usiku na jua la mchana huwezi hata kuona tofauti yake. Ndiyo sababu ilipendwa kwenye vipimo: mita nyingi za umeme za zamani, zile za sahani inayozunguka kabla ya LUKU, zilikuwa na sumaku ya namna hii ya kuizuia sahani isikimbie, na mita ile ilipaswa kusoma sawasawa saa nane mchana na saa nane usiku. Udhaifu wake ni kwamba inageuzwa kirahisi na sumaku nyingine. Ukiibandika vibaya kwenye neodimiamu au ukiiangusha mara kwa mara, inakwisha bila joto lolote. Kwa mota ya kisasa haifai. Kwa kihisi kilicho karibu na injini au ekzosi, inafaa sana.

Samariamu-kobalti ina karibu nguvu ya neodimiamu na uvumilivu unaokaribia wa alniko. Haili kutu kirahisi. Lakini ni ghali kuliko zote na inavunjika upesi. Sijaona kazi ya kawaida hapa Dodoma inayostahili kuinunua, isipokuwa kama unatengeneza kifaa cha maabara au umeambiwa na kiwanda kuwa sehemu ya akiba lazima iwe hiyo.

Joto la Dodoma liko wapi hasa?

Si hewani. Hata Novemba, kabla mvua hazijaanza, hewa ya mchana huzunguka nyuzi 31 au 32, na hakuna sumaku ya duka lolote inayoogopa hizo. Joto linalohesabika ni lile linalojikusanya: chini ya mabati yaliyopigwa na jua, ndani ya sanduku jeusi la chuma lisilo na tundu, ndani ya gari lililofungwa vioo. Juu ya hilo kuna joto la kifaa chenyewe, na mara nyingi hilo ndilo kubwa. Waya wa kopa ukipanda kutoka nyuzi 20 hadi 80, ukinzani wake wa umeme unaongezeka kwa karibu asilimia 24. Wakati huohuo sumaku imedhoofu, kwa hiyo mota inadai mkondo mkubwa zaidi kufanya kazi ileile, na mkondo huo unazidi kuipasha. Ukiongeza mzigo hapo, mota inaingia kwenye mzunguko ambao mwisho wake ni moshi wa koili au sumaku iliyogeuka. Moshi utauona. Sumaku iliyogeuka hutaiona. Utaona tu kuwa pampu haitoi maji kama mwaka jana, na paneli utazifuta vumbi mpaka uchoke.

Kisima cha sola

Kwa pampu ya kuzama, chagua yenye mota ya sumaku ya kudumu ya neodimiamu bila hofu, mradi maji yapo. Maji ya kisima kirefu hubaki baridi mwaka mzima na yanaipoza mota kwa kupita pembeni yake. Adui ni kisima kinachokauka mchana, jambo la kawaida Septemba hadi Novemba maji yanaposhuka. Pampu ikizunguka bila maji, mota haina cha kuipoza. Kihisi cha kuzima pampu maji yakishuka kina thamani kuliko tofauti ya daraja la sumaku, na kama fedha haitoshi vyote viwili, nunua kihisi.

Njia ya pili ni pampu ya umeme wa kawaida, ile isiyo na sumaku ya kudumu, ikiendeshwa na inveta. Rota yake, sehemu inayozunguka, ni chuma na alumini. Haina cha kupoteza kwa joto isipokuwa koili, na koili fundi wa kusuka mota atazisuka upya. Lakini inakula umeme zaidi kwa maji yaleyale, maana yake paneli zaidi. Kwa kisima cha kijiji chenye fundi karibu na nafasi ya paneli za kutosha, mimi naiona njia hii ina heshima yake. Kwa kisima cha familia chenye paneli chache, neodimiamu inashinda.

Juu ya ardhi ni habari nyingine. Pampu ya kuvuta maji ya lambo au mto, iliyowekwa juani bila kibanda, inatakiwa iwe na kivuli na upepo. Mti au paa la makuti litaisaidia sumaku kuliko matangazo yoyote ya kwenye boksi.

Mashine ya kusaga na kinu cha alizeti

Mota zinazoendesha mashine nyingi za kusaga ni zile zisizo na sumaku ya kudumu, kwa hiyo hapo joto ni suala la koili na beringi tu. Sumaku inayohusika ni ile ya kunasa misumari, nati na vipande vya waya kabla havijaingia kwenye nyundo na kutoboa chekecheke. Mahindi yanayotoka soko la Kibaigwa yamepita kwenye magunia, magari na sakafu nyingi. Vyuma humo havikosi.

Hapa nashauri feraiti kwa msumari na nati: bamba nene la feraiti chini ya mlango wa kumwagia nafaka, nafaka ikipita juu yake kwa tabaka jembamba. Ni nafuu, haiogopi joto, haiogopi unyevu. Ila kama shida yako ni vumbi la chuma na vipande vidogo vilivyochakaa kwenye nyundo zenyewe, vinavyoingia kwenye unga, feraiti haitavikamata vyote. Hapo weka fimbo za neodimiamu zilizofunikwa kwa chuma kisichoshika kutu mahali unga unapotokea. Unga unatoka ukiwa wa moto kutokana na msuguano, lakini kwa mashine iliyo sawa haufiki nyuzi 80. Ukinunua zenye herufi M au H unakuwa na nafasi ya kupumua. Usitumie neodimiamu iliyo wazi kwenye chakula. Ikipasuka inamwaga vipande.

Kwenye kinu cha alizeti hali hubadilika, kwa sababu mbegu hupashwa kabla ya kukamuliwa. Weka sumaku kabla ya sehemu ya kupashia. Kwanza joto halitaigusa, pili chuma kitanaswa mapema kabla hakijaharibu skrubu ya kinu. Mwenye kinu Singida au Kondoa ambaye mpangilio wake unamlazimisha kuweka sumaku baada ya mbegu kupashwa achague feraiti, au neodimiamu ya SH na kuendelea.

Bodaboda ya umeme, spika, na umeme wa upepo

Mota ya ndani ya gurudumu haina maji ya kuipoza. Ina upepo wa safari tu. Kwenye lami ya mjini inatosha. Ukiwa na abiria wawili na gunia kwenye mchanga au mlima, mwendo ni mdogo, upepo hakuna, mkondo ni mkubwa. Usipoweza kuweka kiganja kwenye mota kwa sekunde chache, ganda lake limefika karibu nyuzi 60 na ndani ni zaidi. Pumzika hapo. Unaponunua, muulize muuzaji sumaku za mota ni za daraja gani, na kama kontrola inapunguza mkondo mota ikipata moto. Asiyejua la kwanza anaweza kujua la pili, na la pili ni la muhimu zaidi.

Spika za matangazo juu ya gari, za ibada ya uwanjani, za harusi: feraiti. Ni nzito, ndiyo, lakini koili ya spika inayopigwa sauti ya juu mchana kutwa inaweza kuvuka nyuzi 150, na joto hilo linaingia kwenye sumaku iliyo karibu nayo. Spika nyepesi za neodimiamu zinafaa kwa anayezibeba mwenyewe na kuzitumia ndani.

Anayetaka kujitengenezea mtambo mdogo wa upepo, hasa Singida ambako upepo ni rasilimali, hukutana na sahani za neodimiamu zilizogandishwa kwenye gundi ya epoksi. Ni njia nzuri. Upepo ukiwa mkali na mkondo mkubwa, koili zinapasha zile sahani moja kwa moja, kwa hiyo achague H badala ya N tupu, na aache nafasi ya hewa kupita katikati. Kujaribu kutumia feraiti hapo kunawezekana, ila mtambo utakuwa mkubwa na mzito, na mnara nao utataka nguvu zaidi.

Sumaku za fundi wa kuchomelea

Zile za pembetatu za kushikia pembe wakati wa kutengeneza geti au grili hufa mapema kuliko sumaku nyingine yoyote mjini, na sababu ni moja: zinaachwa karibu na moto. Choma nukta mbili za kushikia, ondoa sumaku, kisha malizia. Kuna faida nyingine: kwa mashine ya umeme wa mkondo mmoja (DC), sumaku iliyo karibu huupinda moto wa kuchomelea na mshono unakwenda kombo. Ukinunua, chukua ya feraiti kwa kazi za kawaida. Ya neodimiamu inashika zaidi lakini itakufa upesi zaidi mikononi mwa mwanafunzi asiye na subira.

Za kubandua kwenye vifaa vibovu

Watu wengi hapa wanapata sumaku kwenye vyuma chakavu, na hiyo ni njia halali kabisa. Spika kubwa, mota ya waipa ya gari na magnetroni ya maikrowevu, kile kitoa mawimbi ya kupasha chakula, hutoa feraiti, nyeusi au kijivu iliyokolea. Diski ya kompyuta ya zamani hutoa neodimiamu, inayong'aa kwa nikeli. Ni kali sana na nyembamba, iweke mbali na moto. Mita na ammita za zamani hutoa alniko, metali tupu isiyong'aa. Magnetroni usiivunje hovyo, baadhi zina kauri yenye berili ambayo vumbi lake ni sumu. Toa pete za sumaku tu. Na vipande vidogo vya neodimiamu viwekwe mbali na watoto: mtoto akimeza viwili, vinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Hiyo ni safari ya hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Namna ya kujipimia kabla ya kufunga

Huhitaji maabara. Unahitaji mizani ya kuning'iniza, bamba nene la chuma, sufuria na maji. Bandika sumaku kwenye bamba, ivute kwa mizani mpaka ibanduke, andika uzito. Rudia mara kadhaa uchukue wastani. Kisha ichemshe nusu saa ikiwa peke yake, bila kugusana na chuma. Ukiwa na sufuria ya alumini itakuwa rahisi. Itoe, iache ipoe kabisa mpaka joto la mwanzo, ipime tena kwenye bamba lilelile.

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Feraiti itarudi kwenye uzito uleule. Neodimiamu yenye herufi H itarudi vilevile. N tupu, hasa sahani nyembamba, itarudi ikiwa imepungua, na kiasi kilichopungua hakirudi hata ukisubiri wiki. Ukiichemsha mara ya pili kwa joto lilelile, haitapungua tena sana. Viwanda vingine hufanya hivyo makusudi, vinaipasha sumaku kabla ya kuiuza ili hasara itokee mapema na kifaa kisibadilike baadaye.

Kufaulu mtihani wa maji ya moto hakumaanishi kuwa ni SH. Kunamaanisha tu kuwa kwa umbo lile inavumilia nyuzi 96 ikiwa imetulia. Ndani ya mota kuna uga wa koili unaoisukuma, kwa hiyo acha nafasi ya nyuzi 20 au 30 kati ya joto unalolitegemea na kikomo. Anayetaka kupima kwa joto la juu zaidi atumie tanuri lenye kipimajoto na hewa ya kutosha. Mafuta ya kukaangia yasitumike kwa kazi hii, kwa sababu sumaku mbili zikirukiana ndani ya mafuta ya nyuzi 150 zitakumwagia.